Mhadhara wa Bure Kuhusu Hofu ya Kubaki Bila Deni

Mheshimiwa mkuu wa mudugudu, wazee wetu, mashehe, kina mama wa vikundi, na ninyi vijana mliofuata soda: itifaki imezingatiwa. Kazi ya pamoja ya umuganda imekwisha saa tano kamili, mtaro wa Biryogo unapitisha maji tena, na leo, badala ya kikao cha kawaida cha kukumbushana bima ya mituweli na kugombana juu ya jogoo wa jirani, mmepata bahati ya kunisikiliza mimi.

Kwa wasionijua, na nitashangaa kama wapo, mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Saikolojia ya Marejesho katika ukanda wote wa Afrika Mashariki. Cheo hiki sikupewa na chuo kikuu. Vyuo vikuu huwapa vyeo watu wenye mashaka na nafsi zao. Mimi nilijitunuku mwenyewe, nikajipigia makofi, na picha za hafla hiyo ninazo kwenye simu kwa atakayetaka kuziona.

Mada yetu ni hii: mtu aliyezoea kulipa mkopo wa nyumba kwa ziada kila mwezi, adumishe vipi ari pale anapogeuka na kuanza kuweka akiba ya muda mrefu? Msitazamane. Najua nusu yenu ni wapangaji. Mpangaji naye ana haki ya kuyajua mapema matatizo ya mwenye nyumba.

Kwanza tulipe deni heshima yake. Chukueni mkopo wa faranga milioni 20 kwa miaka 15, riba asilimia 16 kwa mwaka, ambayo si ngeni kwa benki zetu za biashara hapa Kigali. Rejesho lako ni karibu faranga 293,700 kila mwezi. Sasa nisikilizeni vizuri, na yule kijana aache kuchati. Katika rejesho la kwanza kabisa, faranga 266,667 ni riba. Kilichopunguza deni lenyewe ni faranga 27,000 na chenji. Mwezi mzima umeamka alfajiri, umebanana kwenye basi la Nyabugogo, umekula maharage yasiyojua nyama, na katika nyumba yako umejinunulia kitasa cha mlango wa mbele. Funguo ni mwezi ujao.

Ndiyo maana mwenye akili hulipa zaidi. Ukiongeza faranga 50,000 kila mwezi tangu mwanzo, zote zinaangukia kwenye deni lenyewe, na miezi 180 inashuka hadi 113. Miaka mitano na nusu ya marejesho inafutika, na kama faranga milioni 14 ambazo benki ilikwisha kuziota zinabaki kwako. Lakini nenda dirishani ukaulize, tena uulize kwa maandishi, kama ile ziada inapunguza msingi wa deni au inahesabiwa tu kuwa umewahisha rejesho la mwezi ujao. Na usome mkataba wako, ile sehemu ya herufi ndogo, uone kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati. Mkataba wa kurasa nyingi husainiwa na watu wengi na kusomwa na mmoja, naye ni mwanasheria wa benki.

Haya, kwa nini watu hawa wanalipa bila kuchoka? Uchumi tuuache, jibu ni cyamunara. Mnajua wenyewe jinsi neno hilo linavyoingia nyumbani. Tangazo likitoka kwamba nyumba fulani ya Nyamirambo inapigwa mnada, picha ya geti ikiwemo, mtaa mzima umeshaliona kabla mwenyewe hajanywa chai. Nimesikiliza wahamasishaji wa kila aina, wa makanisani na wa mahotelini, wale wanaovaa kipaza sauti shavuni. Hakuna hata mmoja anayelifikia tangazo la mnada kwa kumwamsha mtu kitandani.

Kisha siku moja, jamaa, deni linakwisha. Benki inakupa barua, rehani inafutwa kwenye daftari kule RDB, hati ya ardhi inakuwa safi. Unarudi nyumbani na kreti ya Fanta Citron. Watoto wanashangilia wasichokijua. Mwezi unaofuata, zile faranga 343,000 zinaamka kwenye akaunti, zinatazama kulia na kushoto, hazimwoni bwana wao.

Hapo ndipo utaalamu wangu unapoanza, kwa sababu nimechunguza fedha hizo zinakokwenda. Mwezi wa kwanza zinangoja. Mwezi wa pili simu inalia: umeongezwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Mtoto wa mjomba wa rafiki yako anaoa, na wewe umeteuliwa kwenye kamati ya usafiri. Wiki ile ile kundi jingine, na hili bwana harusi humjui kabisa, lakini wametaja jina lako kwenye ahadi na mbele yake wameandika 100,000. Mwezi wa tatu mke anasema vigae vya sebuleni vinamtia aibu. Vigae vile vile vilivyovumilia miaka tisa ya riba! Mwezi wa nne ukimuuliza mtu huyu akiba yake iko wapi, anakuonyesha sakafu.

Tatizo ni kwamba akiba haina dalali wa mahakama. Usipoweka kitu kwenye mfuko wa pensheni wa Ejo Heza mwezi huu, RSSB inayousimamia haitamtuma mtu kubandika karatasi getini. Hakuna atakayekupigia simu saa mbili asubuhi akikuita kwa majina yako yote matatu. Mtaalamu wa kawaida anaiita hali hiyo uhuru. Mimi naiita msiba.

Mzee wangu pale anatikisa kichwa, anataka kuniambia akiba haiozi. Shikamoo mzee. Wahenga waliosema hivyo hawakununua viazi Kigali mwishoni mwa 2022, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 20. Akiba ya chini ya godoro iliozea pale pale, na godoro lenyewe likapanda bei.

Kwa hiyo swali la wapi pa kuweka halikwepeki, ingawa nitalipitia haraka kwa sababu ni la mahesabu tu na mimi ni mtu wa falsafa. Mwenye mkopo wa asilimia 16 asikimbilie popote. Kila faranga anayoizidisha kwenye deni inamwokolea riba ya asilimia 16, bila wasiwasi wowote, na hakuna hatifungani ya serikali inayomlipa hivyo. Aendelee. Lakini aliyepata ule mkopo wa nyumba wa Gira Iwacu unaopitia benki ya maendeleo, BRD, kwa asilimia 11, hadi miaka 20, huyo akae chini na kalamu. Hatifungani za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu zimekuwa zikizunguka asilimia 12 na zaidi kidogo kwa miaka ya karibuni, na unaweza kuingia kwa faranga 100,000. Huyo hana sababu ya kulipa ziada kwa jasho. Alipe rejesho lake kwa adabu, na ile ziada aihamishe.

Kwa asiye na laki moja kuna mfuko wa Iterambere, uliofunguliwa mwaka 2016, ambako unaweza kuanza na faranga 2,000, bei ya mishikaki michache. Kwa fundi, motari na muuza duka asiye na mwajiri kuna Ejo Heza yenyewe, iliyozinduliwa Desemba 2018, unajiandikisha kwa *506# ukiwa hata kwenye foleni ya kinyozi, na pensheni yake unaingoja hadi miaka 55. Na mwajiriwa asijidai hayamhusu. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu yake nusu ya mwajiri, na utaendelea kupanda hadi 20 kufikia 2030. Wengi walinung'unika siku walipoona karatasi ya mshahara. Mimi nilitabasamu. Serikali imekubali nadharia yangu kwamba binadamu huweka akiba vizuri zaidi akiwa hajaulizwa, ingawa katika matangazo yote hakuna mahali nilipotajwa.

Turudi kwenye ari. Dawa yangu ni kujitengenezea mdai. Kwanza ile fedha isikanyage nyumbani. Tarehe ile ile iliyokuwa ikikatwa na benki, agizo la kudumu liikate vile vile, kiasi kile kile, iende kwenye akiba. Mwili hautajua tofauti. Pili, ujiandikie barua za vitisho. Mimi hujiandikia kila robo mwaka, kwa lugha ya kisheria, na mara moja nilijijibu kwa jeuri ikabidi nijipe onyo la mwisho. Tatu, imihigo. Tangu 2006 mameya wamekuwa wakisaini ahadi za utendaji mbele ya Rais, kisha kupimwa hadharani. Kwa nini baba wa familia asisaini mbele ya mke wake, mashahidi wakiwa mashemeji? Atapimwa kila mwezi, naye akishika mkia atajua...

Ndiyo, mama wa safu ya pili. Naona umesimama kabisa. Sema, lakini kwa kifupi, hawa wamekuja kwa ajili yangu.

Anasema wao wana ikimina yao, kikundi cha akiba, huko chini, kina mama ishirini na kitu, wanakutana kila Jumapili alasiri. Asiyeleta hisa anatoa faini. Asiyekuja wanamfuata nyumbani wakiwa wanne, tena wakiimba, ili majirani nao wapate kushiriki. Vizuri mama, lakini hapo nakukamata: ikimina hugawana Desemba, fedha yote inaishia kwenye ada za shule na nguo za sikukuu. Huo si muda mrefu.

Anasema hapana, hawajamaliza. Walikubaliana sehemu ya hisa isigawanywe. Kabla ya kikao kufungwa kila mmoja anaituma Ejo Heza kwa simu yake, na mhazini anapita mkeka hadi mkeka, anaisoma ile meseji ya kuthibitisha kwa sauti, jina na kiasi. Juzi mmoja alisema simu yake imezima. Wakamletea chaja.

Asante sana mama, kaa. Hicho ndicho hasa nilichokuwa nakaribia kukisema. Andikeni kwenye madaftari: Nadharia ya Wanne Wanaoimba, na mbele yake jina langu. Mtu hahitaji hamasa kama kuna anayengoja kusikia meseji yake ikisomwa. Mama huyu ameitekeleza nadharia hiyo kwa miaka kadhaa bila idhini yangu, lakini leo nimemsamehe.

Maswali nitapokea matatu, na sitapokea lolote kuhusu akiba yangu binafsi, kwa kuwa mtafiti hatakiwi kujichanganya na sampuli.

Limebaki jambo la utawala. Mhadhara huu ni wa bure, kama ilivyotangazwa. Ada ya uwezeshaji ni faranga 5,000. Wenye fedha taslimu, zirudisheni mfukoni, sizitaki. Anayelipa taslimu ametoka hapa bila kujifunza chochote. Mtalipa kwa awamu kumi na mbili, riba asilimia 16, rejesho la kwanza tarehe 5, na mkuu wa mudugudu anapitisha daftari la kusaini. Wanaotaka kulipa kwa ziada wanakaribishwa. Majembe mliyoyaacha mlangoni nimeshayaorodhesha kama dhamana.