Tume ya Kijiji cha Kioo

Katika sebule moja ya Birmingham, nyuma ya kioo kinene na chini ya taa za buluu, kilikuwapo kijiji cha lita 400 za maji ya chumvi. Kilikuwa na matumbawe, konokono wa kulamba mwani, kaa wawili watatu, na samaki mmoja, Chifu Kangaja, mzaliwa wa Shimoni, ambaye hakuchoka kuwakumbusha wenzake kwamba bahari yenyewe yeye aliiona.

Siku moja Mwenye Tangi akashusha jiwe jipya. Mzee Kaa akamvuta chifu kando.

"Chifu, jiwe hili limetoka baharini na matundu yake. Tungeomba likae kwanza kwenye ndoo, peke yake, majuma kadhaa, tuone kitakachotoka humo."

"Kwetu mgeni hapekuliwi mlangoni," akasema Chifu, akaamuru ngoma ipigwe.

Usiku ule ule ikasikika: tak! Asubuhi Bi Konokono hakuonekana. Ganda lake lilikuwa mchangani, limetobolewa ubavuni, ndani tupu. Usiku wa pili, tak, tak. Ikawa desturi.

Chifu akaunda tume. Alitakiwa mwenyekiti mjuzi wa maganda, na aliyejitokeza ni Bwana Vunjajungu, mkazi wa tundu la tatu katika jiwe jipya: kamba mwenye macho juu ya vijiti, kila jicho likitazama upande wake, na marungu mawili aliyoyakunja kifuani kama mtu aliye kwenye sala. Wajumbe walipendezwa mno na adabu hiyo. Marungu ni ya nini, hakuna aliyeuliza. (Jamaa zake wakubwa, wale wa rangi za tausi, rungu lao limepimwa likifyatuka kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde. Lakini tume haikuwa na bajeti ya vipimo.)

Mtuhumiwa alipatikana upesi. Mzee Mnyoo, yule mwenye vinyweleo vinavyowasha, alikutwa ndani ya ganda la marehemu, mdomo umejaa.

"Waheshimiwa," alijitetea, "mimi ni mzoa mizoga. Mkinikuta msibani, jueni kifo kimenitangulia. Ganda nitalivunja kwa nini, kwa ndevu hizi?"

Mwenyekiti alimsikiliza kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa kwa konokono aliyekaa safu ya nyuma. Hukumu ikasomwa, Mnyoo akatolewa kwa kibano. Mizoga iliyofuata ikaozea ilipolala, amonia ikapanda majini, matumbawe yakajikunyata. Kioo nacho, kwa kukosa walambaji, kikageuka kijani. Chifu akatangaza Mwaka wa Mazingira.

Ndani ya jiwe lile lile alikuwamo pia anemoni wa kioo, kidude cha rangi ya chai chenye minyiri inayounguza jirani. Tume ikaagiza akatwekatwe. Akakatwa, na vipande vilivyonata mwambani vikaota, kila kimoja anemoni kamili. Kamba mmoja mwembamba mwenye mistari myekundu, ambaye kwao anemoni hao ni kitoweo, aliomba kazi. Akaambiwa alete barua ya utambulisho.

Mzee Kaa akasimama barazani. "Hamkusikia ya Newquay? Mwaka 2009, kwenye akwaria ya umma huko Cornwall, matumbawe yalikuwa yakikatwa usiku na mkataji haonekani. Wakatega mitego, wapi! Mwishowe wakaubomoa mwamba, jiwe baada ya jiwe, wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja, humohumo ndani. Wale hawakuuliza nani kakutwa na maiti. Waliinua mawe."

"Mzee wangu anataka tubomoe nyumba za watu?" Bwana Vunjajungu aliuliza kwa upole.

Baraza likaguna. Kesho yake koleo la Mzee Kaa liliokotwa karibu na pampu, na tume ikapeleka rambirambi.

Aliyekata shauri ni Mwenye Tangi, na wala si kwa huruma: ile tak ilimnyima usingizi. Akalitoa jiwe, akalizamisha kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Punde akachomoka Bwana Vunjajungu, urefu wake haukuzidi kidole. Wanakijiji walitaraji atatupwa. Hapana: alipewa tangi lake peke yake, lenye kichujio kipya, na chakula analetewa kila siku, sawa na wastaafu wengine wa cheo chake.

Anemoni wamebaki. Siku hizi wana mwakilishi barazani.

Na ripoti ya tume haijafutwa. Imetiwa saini na Chifu, na kwa mujibu wake konokono wote wa kijiji walijivunja wenyewe, isipokuwa wale waliouawa na Mzee Mnyoo.