Kwani Yameisha?

Waambie watu wa Gitega kwamba unakwenda kubadilisha oili ya injini, watakuitikia kwa heshima. Waambie unabadilisha mafuta ya shokapu za mbele, watataka kujua kwanza kama mshahara umeongezwa. Kisha litafuata lile swali: kwani yameisha?

Hayajaisha, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Mafuta ya shokapu hayaishi, yanaozea humohumo. Ndani ya kila mguu wa mbele mna springi na mafuta kidogo, hayafiki hata robo lita kwa pikipiki zetu hizi ndogo. Kazi yake ni kupenya kwa shida kwenye vitundu vyembamba ili springi isirukeruke inavyotaka. Miaka ikipita, maji, vumbi na unga wa chuma vinaingia, mafuta yanakuwa meusi na mepesi. Hapo ukigusa breki pikipiki inasujudu. Yangu ilikuwa inasujudu kwenye kila dodani ya njia ya Karuzi, na kila ikisujudu kofia ya mke wangu inanigonga kisogoni, halafu ananiuliza ni nani aliyenifundisha kuendesha.

Mimi nawalaumu Wajerumani. Ndio walioanzisha mji huu wa Gitega kuwa kituo chao mwaka 1912, na ndio waliouza pikipiki ya kwanza yenye shokapu za bomba zinazotulizwa na mafuta, BMW R12, mwaka 1935. Mji walituachia. Fundi wa shokapu waliondoka naye.

Maana fundi wa mtaani kwetu alipitisha kidole gumba kwenye bomba, akautazama ule weusi, akatabasamu.

"Mwalimu, haya ni ya maisha. Yalitoka nayo kiwandani."

"Lakini yanavuja."

"Yakivuja ndiyo ujue yamo."

Nilipokataa kuondoka, akanihurumia na kujitolea kunimiminia oili ya injini aliyokuwa ameitoa kwenye pikipiki ya mtu asubuhi ileile. Mafuta ni mafuta, akasema. Ndugu zangu, oili nzito ya injini ukiitia humo shokapu inakuwa ngumu, na kila kokoto la barabarani linakuja kukusalimia kwenye viwiko.

Nikazunguka madukani. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, ofisi zinahamia kwetu kutoka Bujumbura moja moja, ila mafuta ya shokapu nadhani yamewekwa kwenye lori la mwisho. Kila muuzaji alinionyesha galoni ya oili ya injini. Mmoja aliniambia hiyo ni bora zaidi kwa kuwa ni ghali zaidi.

Ikabidi tungoje safari ya ukweni, Muyinga. Huko Kobero ni jirani, ukivuka tu uko Kabanga ya Tanzania, na vipuri vingi hufika Muyinga kabla sisi wa Gitega hatujasikia kwamba vipo. (Muyinga si mkoa tena. Mwaka 2025 mikoa 18 iligeuzwa mitano, nayo Muyinga ikatiwa Buhumuza, makao makuu Cankuzo. Mama mkwe bado anasema "mkoa wangu", na mimi si mtu wa kumrekebisha mama mkwe.) Shemeji alinipatia chupa ya yale mafuta mekundu ya gia za otomatiki za magari, ambayo mafundi wengi huyatia kwenye shokapu yanapokosekana yenyewe, pamoja na sili mbili mpya. Akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye balaghashia na spana chache.

Huyu mzee alilegeza vifuniko vya juu kabla ya kuichomoa miguu, wakati bado imebanwa kwenye usukani. Nilitaka kumkumbatia. Wale wa kwetu huchomoa kwanza, kisha kifuniko kinagoma, bomba linazunguka mikononi, wanaitwa vijana wawili washike na wa tatu wa kutoa ushauri.

Akamimina. Kilichotoka siwezi kukieleza kwa watu wanaokaribia kula. Kisha akaomba petroli ya kuoshea mabomba.

Petroli! Katika nchi ambayo watu wamelala kwenye foleni ya petroli, wakaamka, wakaambiwa hakuna! Hiyo iliyokuwa kwenye tanki ndiyo ya kunirudisha kwa wanafunzi wangu. Tukaosha kwa mafuta ya taa, na mzee akanuna kidogo.

Kwenye kupima tuligombana zaidi. Yeye alitaka kukadiria kwa jicho, na mimi nafundisha hesabu. Miguu yote miwili lazima ipate kiasi kilekile, hakuna mjadala. Nikaenda duka la dawa kutafuta bomba la sindano, lile kubwa. Dada wa pale akauliza mgonjwa ana umri gani. Nikamwambia ni pikipiki. Akaniuzia, lakini alinisindikiza kwa macho mpaka barabarani.

Mzee alipomaliza kuipampu miguu hewa itoke na kuifunga, mke wangu alikuja akaizunguka pikipiki pande zote.

"Pesa imekaa wapi hapa?"

Ningenunua vioo vipya, ukoo mzima ungetoka kutazama. Ningeshona kiti chekundu, mama mkwe angechinja kuku. Nikabonyeza usukani ili aone mbele inavyoshuka taratibu na kupanda taratibu. Akasema ilikuwa hivyohivyo tangu zamani.

Ule uchafu mweusi ulikuwa bado kwenye kopo, nikauliza tukaumwage wapi. Motari mmoja aliyekuwa ameegemea yake pembeni akaruka.

"Usimwage, mwalimu! Nipe mimi. Zangu hazina kitu kabisa."