Adabu ya Gobore la Kale

Ukusanyaji wa vitu vya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) ni fani ya watu makini. Mfalme wao ni gobore la Springfield la 1861, la kilo nne hivi, linaloshindiliwa baruti na risasi mdomoni. Sheria ya shirikisho huhesabu bunduki iliyotengenezwa hadi 1898 kuwa kitu cha kale. Basi hata gobore lile lililosaga mifupa ya watu limekwisha kupata adabu.

Kutu haisuguliwi, kwani ndiyo mvi zake. Tundu kwenye kofia hupandisha bei. Aliyeivaa hana mgao.

Zinazoenziwa pia ni risasi zenye alama za meno, ambazo husemwa zilitafunwa na majeruhi waliokatwa miguu bila nusukaputi. Nusukaputi ilikuwepo, na wachunguzi wanasema nyingi zilitafunwa na nguruwe. Hilo halipunguzi heshima: zimelazwa juu ya mahameli, chini ya kioo, na taa yake ndogo.

Kwa sehemu kubwa ya vita, askari wa kawaida wa Kaskazini alilipwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi. Kifungo kimoja cha koti lake leo huweza kuuzwa kwa zaidi ya hapo.