Gari Lipo, Safari Hakuna

Nani aliwadanganya watu kwamba ukiwa na gari utatembea? Hapa kwetu, kwenye kivuli cha fundi wa matairi pembeni ya Boulevard de Libération, mjini Bunia, Ituri, hilo swali limetugombanisha wiki nzima, na chanzo ni simu. Kijana mmoja anayebadilisha dola ana dada yake Marekani, katika jimbo la Kentucky. Dada, mumewe na watoto wameenda kustarehe Florida, kwenye ile miliki ya Disney karibu na Orlando, wakatuma video. Ndani ya video yupo okapi. Okapi kabisa, makalio ya mistari, anatafuna majani kwa dharau zake zile. Na maelezo chini: hapa wanapaita Little Ituri Forest.

Tukasonya wote kwa pamoja, mpaka mteja wa matairi akageuka kutazama kama kuna mtu kagongwa.

Yaani mtu wa Ituri amevuka bahari, amepata makaratasi, amenunua gari, ameendesha zaidi ya kilomita 1,000, ili akaoneshwe Ituri ndogo! Na jina si la utani. Bustani hiyo, Disney's Animal Kingdom, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wanakupandisha kwenye lori lililo wazi pembeni, mnazungushwa chini ya nusu saa, na kipande cha kwanza cha mzunguko ndiyo hiyo Ituri yao. Jirani kuna hoteli, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambamo ukilipa vizuri unaamka, unafungua pazia, na twiga yuko nje ya dirisha. Mikahawa yao ina majina ya Kiswahili: Boma, Jiko, Sanaa. Mama mwuza mikate, aliyesikia neno jiko, akauliza kama wanatumia makaa. Hakuna aliyemjibu.

Lakini kilichotuchoma hasa si okapi. Kijana alimwuliza dada yake: sasa, mmeona bahari? Maana Florida imezungukwa na bahari pande tatu. Hawakuiona. Kule Cape Canaveral wanakorushia maroketi, mwendo wa saa moja tu kwa barabara ya lami isiyo na shimo hata moja? Hawakufika. Mji wenyewe wa Orlando? Waliuona kwenye vibao vya barabarani siku ya kuingia. Gari lililowatoa Kentucky lilipakiwa uwanjani pa hoteli siku ya kufika, likawashwa tena siku ya kurudi.

Hapo ndipo baraza likagawanyika. Vijana wa pikipiki wakasema ni uvivu. Mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye huja hapa kusoma magazeti ya zamani na kukosoa kila kitu, akasema ni woga wa mgeni. Mimi nasema si uvivu wala si woga. Ni hesabu, na hesabu yenyewe imepigwa na mwenye hoteli kabla mgeni hajafunga sanduku.

Angalieni jinsi mtego ulivyotegwa. Tiketi ya siku moja kwenye bustani hizo inapita dola 100 kwa kichwa. Ukinunua siku nyingi kwa pamoja, kila siku unayoongeza inashuka bei, hivyo siku ya nne au ya tano unaona kama umepewa bure. Sasa wewe baba mwenye watoto watatu, umeshalipa siku tano, utathubutu kuitoa moja uende ufukweni? Utaona kama unatupa pesa mtoni. Halafu ukilala kwenye hoteli zao unaruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, basi unaamka mapema kuliko mwuza maziwa kuwahi hiyo nusu saa. Mabasi ya ndani ni bure. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa 2022, wageni wa hoteli hizo walichukuliwa bure kwa basi kutoka uwanja wa ndege, ili wasikodi hata gari. Na wale waliokuja na magari yao? Kuanzia 2018 walilipishwa maegesho ya usiku hotelini, mpaka Januari 2023 ada hiyo ilipofutwa. Gari kule ni mgeni asiyetakiwa: unaweza kuja naye, lakini atalala nje.

Na eneo lenyewe si kiwanja cha mpira. Ni karibu kilomita za mraba 100, lina barabara zake na zimamoto wake. Mwaka 1967 bunge la Florida liliwapa hata utawala wao wenyewe, ulioitwa Reedy Creek, nao uliwaendeshea mambo hayo hadi 2023 serikali ya jimbo ilipouvunja na kuweka mwingine. Mwalimu alipolisikia hilo akacheka hadi akakohoa: “Kumbe ni chefferie! Tofauti ni kwamba chifu wao ni panya.”

Kabla ya Disney kufungua mwaka 1971, Florida ilikuwa ya watu wa magari hasa. Familia zilishuka kutoka kaskazini, zikisimama hapa kutazama chemchemi za Silver Springs kwa mashua yenye sakafu ya kioo, pale kutazama watu wakiteleza juu ya maji huko Cypress Gardens, bustani ya mwaka 1936. Kila kijiji kilipata chake: chungwa moja, soda moja, chumba cha usiku mmoja. Kisha akaja mmoja aliyeweka kila kitu ndani ya uzio mmoja. Cypress Gardens ikafungwa, ikafufuka, ikafungwa tena, na leo pale kuna Legoland.

“Basi msiwacheke,” akasema Papa mmoja aliyekaa kimya muda wote, akiwa ameegemea tairi la Fuso. Huyu aliendesha gari la shirika moja la misaada hapa hapa Bunia kwa miaka mingi, shirika ambalo jina lake halituhusu. Akaanza kutusimulia daftari la gari. Kila gari lina daftari lake: tarehe, kilomita za kuondoka, kilomita za kufika, mahali, sahihi ya dereva, sahihi ya abiria. Gari lenyewe, mnalijua: Land Cruiser nyeupe, antena ndefu imekunjwa na kufungwa kwa kamba mbele, pembeni kibandiko cha bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mnyama wa kupanda milima. Na daftari lake lasemaje? Nyumbani hadi ofisini, kilomita 2. Ofisini hadi mkutanoni, kilomita 1. Mkutanoni hadi uwanja wa ndege wa Murongo, kisha kurudi nyumbani. Jioni, kabla ya saa waliyopangiwa, mgeni anarudishwa ndani ya geti, mlinzi anafunga, dereva anapiga redio kusema wamefika salama. Wamefika salama kutoka wapi? Kutoka barabara ya pili!

“Nilikuwa na mkubwa mmoja,” akasema Papa dereva, “amekaa Bunia mwaka mzima. Siku ya kuondoka akaniuliza, ziwa liko upande gani.”

Tulisonya msonyo wa pili, huu mrefu zaidi.

Hata hivyo nitawatetea kidogo wageni wetu, ingawa vijana wa pikipiki walinizomea. Watu wa Kentucky walikuwa na lami, polisi na hospitali kila kona. Hapa tuko chini ya hali ya dharura, ile tunayoiita état de siège, tangu tarehe 6 Mei 2021. Barabara ya kutoka Komanda kwenda Luna imechomewa magari hata yaliyokuwa kwenye msafara wenye wanajeshi. Upande wa Djugu, wanamgambo wa CODECO. Upande wa Irumu na Mambasa, waasi wa ADF. Epulu kwenyewe, kwenye okapi wa kweli, mwezi Juni 2012 watu wa Morgan, wale waasi wa Mai-Mai Simba, waliingia asubuhi, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma moto, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakafa wote. Wote! Ukiniambia mkuu wa usalama wa shirika anakataza gari lisivuke mpaka fulani, mimi sina ulimi wa kumlaumu. Ninachosonya ni kitu kingine: amri iliyowekwa kwa sababu ya Komanda inamzuia mtu hata kushuka kununua parachichi soko la katikati. Hatari iko kilomita 75, uzio uko mlangoni.

Na isisemwe kwamba mgeni mwenye gari hajawahi kupita huku. Mwalimu ana umri wa kukumbuka. Wakati wa Wabelgiji watu walikuja na magari yao kutoka Stanleyville hadi Irumu, wakilala njiani. Pale Epulu alikaa Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, aliyefungua kambi kando ya mto, akapokea wasafiri mpaka alipofariki mwaka 1953. Mbele kidogo ya Komanda, njia ya Beni, kulikuwa na hoteli ya Mlima Hoyo. Watu waliacha magari, wakaenda kwa miguu kuona mapango na maporomoko wanayoyaita ngazi za Venus. Hata wakati wa Zaire, miaka ya 70 na 80, malori ya vijana wa Kizungu yaliyotoka Ulaya kwenda Nairobi yalipita kwenye matope hayo hayo. Yalikwama siku tatu, nne, na wanavijiji waliuza ndizi, kuku na nguvu za mikono kuyasukuma. Barabara mbaya ndiyo iliyowashusha garini! Mwalimu anasema palipo lami mgeni hupita na vioo vimefungwa, palipo na shimo hununua ndizi. Sikubaliani naye, maana huyu mtu angetaka tuachiwe mashimo ili tuuze ndizi, lakini nimekosa la kumjibu.

Kuna jambo moja zaidi la Florida ambalo lilimkera kijana wa dola nilipomwambia. Ule mradi unaosaidia okapi wa Epulu, Okapi Conservation Project, ulianza mwaka 1987, na mwanzilishi wake, John Lukas, alitokea White Oak, shamba la wanyama lililoko Yulee, huko huko Florida. Kutoka Orlando ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, tatu kama una watoto wa kukojoa njiani. Wana ziara kwa anayejiandikisha mapema. Yaani dada yetu alikuwa na gari, alikuwa na mafuta, na okapi wenye udugu na habari za kwao walikuwa mwisho wa barabara. Akabaki na yule wa kutazamwa kutoka juu ya lori. Kijana akaniambia, “Vié, dada yangu hakujua.” Najua hakujua. Ndani ya uzio hakuna kibao kinachokuelekeza nje.

Sasa fundi wa matairi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anahangaika na tyubu yenye matundu saba, akainua kichwa. “Na ninyi? Nani hapa amelala Epulu?”

Kimya. Wengi wetu tumepita Epulu, ndiyo, juu ya mizigo, kwenye basi la Kisangani, tukasimama darajani kununua nyama na maji, tukauliza kizuizi kinachofuata kinatoza ngapi. Kusimama ili tumtazame okapi? Tunamfahamu kwa redio. Tangu Februari 2002 Radio Okapi inatuamsha kwa jina lake kila siku, na nusu ya kijiwe hiki hawajawahi kumwona isipokuwa kwenye simu ya mtu aliye Kentucky. Na wenye magari wa hapa mjini, wafanyabiashara na waheshimiwa, Jumapili wanaenda wapi? Kanisani, kisha hotelini kwenye kiti cha plastiki, Primus baridi, gari limeoshwa na kupakiwa mahali ambapo kila mtu ataliona. Wakipata likizo wanapanda ndege kwenda Kampala. Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, ni kilomita hamsini na kitu. Ukishapita Bogoro mlima unakatika ghafla, na siku ya jua unaiona Uganda ng’ambo ya maji. Nani ameenda kuitazama tu, bila shughuli?

Vijana wakaanza kujitetea: vizuizi, mafuta, usalama, kila askari anataka kahawa. Mmoja akasema akipata abiria wa kulipa ataenda hata leo. Papa dereva akasema kwamba yeye, katika miaka yake yote ya usukani, alifika ziwani mara chache, zote kwa kazi, na hakuwahi hata kuvua viatu.

“Kasenyi?” Mama mwuza mikate alikuwa ameshaanza kufunika beseni lake. “Kasenyi mimi naenda kila juma. Kesho saa kumi na mbili natafuta nafasi kwenye lori la samaki. Ninakaa juu ya magunia, ninafika, ninachukua makayabo na samaki wabichi, ninarudi. Ziwa liko pale pale.”

Hana gari. Hana hata baiskeli. Tukamwangalia kama amefufuka. Kijana wa dola akamwomba ampigie picha ya ziwa ili amtumie dada yake. Mwalimu akataka kujua kama maji yamepanda tena. Papa dereva akaagiza samaki wawili wakubwa, akasema atalipa mwisho wa mwezi.

“Mwisho wa mwezi upi?” akauliza Mama, akitoa kidaftari chake kidogo chenye majina yetu yote. “Bado una deni la mikate sita ya Jumanne, na wewe Mwalimu minne, na huyu anayeandika, mitatu na chai.”