Wiki ya Tambi, Sale

Jumatatu. Mbuzi wa jirani ametafuna kamba ya katani niliyoiandaa kwa somo la nyuzi za mwilini. Kimebaki kipande cha shibiri mbili. Mwenye duka anasema kamba zitakuja na gari la Waso, siku hakuitaja. Nimenunua pakiti ya tambi.

Jumanne. Mama wa jikoni hakuambiwa kwamba tambi ni za somo. Amezipika zote. Nimeokota tatu zilizodondokea kabatini, nikaingia darasani nazo pamoja na sahani ya zilizopikwa. Somo likaeleweka kuliko nilivyopanga. Tambi kavu inakumbuka ilikoelekea mpaka nchani. Iliyopikwa inasahau kabla ya kufika mbali. Mwaka 1949 wanasayansi Kratky na Porod waliliwekea jambo hili hesabu: uzi unakataa kupindwa, joto linautikisa bila kupumzika, na umbali wa kumbukumbu unatokana na ushindani huo. Kwa DNA ni kama nanomita 50. Protini huizungusha kwa nguvu ili mita 2 hivi zienee ndani ya kiini cha seli.

Jumatano. Chaki zimelowa. Tumesoma kwa mdomo.

Alhamisi. Dumu la maji la darasa limepasuka, na hili limenitia wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu kijana mmoja wa dawati la mbele ana selimundu. Ameniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ndani yangu kuna tambi kavu?" Nimemjibu ndiyo, oksijeni inapoachiliwa. Himoglobini yake imebadilika kwa amino asidi moja tu katika mnyororo wa beta, ile ya sita; molekuli zinanatana, zinasokotana kuwa uzi wenye nyuzi 14. Uzi huo ni mkakamavu. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 8 hivi, uzi haukubali kujikunja humo, basi seli ndiyo inayopinda kama mundu. Maji yakipungua kwenye seli, himoglobini hukolea, na kukolea kidogo tu huharakisha nyuzi mno. Nimemwambia pia habari za mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya: mwaka 1954 alionyesha kuwa wenye nusu ya urithi huo hukingwa dhidi ya malaria kali. Akasema, "Mimi nina zote mbili." Nikasema ndiyo.

Ijumaa. Dumu limezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Linavuja bado. Kijana amekuja na chupa yake, imejaa. Kwenye daftari amechora uzi wake kwa rula, umevuka ukingo wa ukurasa ukaendelea juu ya dawati.