Mjomba, Huku Hakuna Divisheni

Mjomba, nisalimie jamaa wote wa barazani hapo Ngamiani, hasa wale waliokutuma uniulize nitarudi na divisheni ngapi.

Kaa kitako kwanza, ndipo uendelee kusoma. Shule hii ya Denmark, højskole kwa lugha yao, haina divisheni. Haina mtihani, haina mock, haina maksi, na hakuna anayeshika mkia. Mwisho wa muhula utapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Tunalala hapahapa, tunakula meza moja na walimu, na vyoo tunadeki kwa zamu. Mkuu wa shule wanamwita kwa jina lake tupu, kama mtu waliyecheza naye gololi. Mimi ulimi umegoma. Namwita Mwalimu, naye anadhani namtania.

Kila asubuhi tunaimba. Wana kitabu chao cha nyimbo za shule hizi, kilichochapwa kwanza mwaka 1894, na wanaimba wamekaa, macho kitabuni, bila bega kutikisika. Wimbo mmoja ulinikolea, nikatia mkono mfukoni nitafute noti ya kutunza. Nikatazama huku na huku: hakuna aliyeinuka. Nikaurudisha.

Halafu kuna somo la kayaki, yaani kupiga kasia. Watu wanalipa kusomea kasia, Mjomba! Wanavaa nguo za mpira kuanzia kisigino hadi shingoni, wanapewa nadharia, ndipo wanashuka majini. Nilipokwenda na kurudi bila kupinduka, wakaniuliza nimesomea wapi. Nikawajibu, Sahare. Mmoja, asiyejua kwamba huo ni ufukwe wa kwetu, akauliza kama chuo hicho kinapokea wageni.

Chakula nisikuchoshe: mkate mweusi, na samaki mbichi aliyetiwa siki na sukari. Mwambie mama bado nakonda.

Lakini kilichonitoa jasho ni darasani. Mwalimu anatoa hoja, kisha anageuka: "Wewe unaonaje?" Miaka yote niliyosoma huko nyumbani niliulizwa kilichoandikwa kwenye notisi. Maoni yangu hakuna aliyewahi kuyauliza, labda wewe tu, tena kwenye mambo ya mpira. Siku za mwanzo nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu.

Mwenye wazo la shule hizi ni pasta mmoja mshairi, Grundtvig, aliyeziita shule za Kilatini za zama zake shule za mauti. Shule ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima. Waswidi wakaiga kuanzia 1868. Mwalimu Nyerere naye, aliyekwisha kuandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akalipenda la Waswidi, na kwa msaada wao Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza mwaka 1975. Kimoja kiko Handeni! Nimepanda ndege kuja kutazama ndugu wa kitu kilichoko mkoani kwetu.

Na nikuambie ninachokiona. Wenzangu wengi hapa wana cheti cha sekondari mfukoni. Wanaudharau mtihani kwa kuwa walishaushinda, na wengine, Mungu anisamehe, wamekuja kupumzika na kufinyanga vikombe visivyosimama. Handeni anakwenda kijana ambaye mtihani umemtupa, akajifunze useremala, ushonaji, umeme au kilimo. Yeye ndiye mwenye haja ya shule ya namna hii, naye ndiye tunayemcheka hapo barazani tukisema kaenda chuo cha waliofeli. Barazani wangapi tumefaulu, Mjomba? Hesabu taratibu, usimtaje mtu.

Kwa hiyo ile fedha mliyochanga ili binti wa shangazi arudie mtihani kwa mara nyingine, isimamisheni kwanza. Mpeleke Handeni akaone karakana na kuuliza nafasi. Na asimwache mwanawe nyumbani kwa kuona haya. Vyuo hivi vimezoea kupokea kina mama vijana na watoto wao, ulizeni utaratibu wa chekechea. Mabasi ya Handeni unayajua. Nenda naye wewe mwenyewe, kabla muhula haujafunguliwa.