Tumeyafuata Maji Yetu Morogoro

Mimi ni mtu wa Magomeni. Barabara ya Morogoro iko jirani na kitanda changu kiasi kwamba mwendokasi huniamsha kabla ya muadhini, na kwa miaka yote hiyo sijaona haja ya kwenda kuhakikisha kama kweli inafika Morogoro. Walioipa jina naamini walikuwa watu wazima na akili zao. Mwenye wasiwasi alikuwa Mama Watoto.

Wasiwasi wake ulianzia kwenye simu. Siku hizi kila mwenye ndoa lazima apelekwe mahali. Shoga yake mmoja kapelekwa Marangu, kapigwa picha mbele ya maporomoko ya Kinukamori, kashika kiuno, na mumewe kasimama nyuma anatabasamu kwa uchungu wa nauli. Mwingine kapelekwa Lushoto, kapiga picha na koti na kikombe cha chai. Mama Watoto aliniletea picha hizo wakati nakula, akaiweka simu kati yangu na bakuli la mchuzi, asiseme neno. Mwanamke wa mjini akikaa kimya namna hiyo, ujue bajeti imeshapita.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia Saba Saba hiyo inakuja, twende zetu viwanjani Barabara ya Kilwa, kuna mabanda, kuna ngoma, tutakula mishikaki na tutarudi na kalenda za bure. Akasema kalenda tunazo. Nikamwambia kama ni maji asubiri masika, tukasimame Jangwani tuyaangalie yanavyokuja, tena bila kiingilio. Wala sikuwa nafanya mzaha. Mtu wa Magomeni anayajua maji. Mto Msimbazi ukiamka vibaya, barabara pale Jangwani inafungwa, mabasi yanageuzwa, na sisi tunabaki ng'ambo hii, Kariakoo tunaiona kwa macho tu. Maisha yetu yote tunayakimbia maji, halafu leo tukate tiketi kuyafuata?

"Hayo ya Jangwani yana matairi ndani," akasema. "Mimi nataka masafi."

Marangu ni mbali, Lushoto mwezi wa saba ni baridi ya kumtafutia mtu kesi, Morogoro kuna treni. Ikawa Morogoro.

Kwanza vikatakiwa viatu. Eti mlimani huendi na makubazi. Nikaenda Karume kutafuta raba mtoni, nikampata kijana mmoja mwenye maneno matamu. "Mzee wangu, hii mwenyewe huko majuu kaivaa kanisani tu," akaniambia, huku soli imelika upande mmoja. Huyo muumini alikuwa anachechemea, au kanisa lao lilikuwa juu ya mlima. Nikanunua, maana bei ilikuwa ya kibinadamu. Mama Watoto yeye hataki kiatu cha marehemu, kwa hiyo akaenda Mtaa wa Kongo kununua kipya cha rangi ya waridi, akanunua na mtandio wa kukifuata, kisha akaja na fulana mbili za sare. Yangu ikanibana tumboni. Akasema nisihangaike, kitambaa kitaachia nikivuta pumzi. Nikamuuliza nisipovuta je?

Na hiyo treni nayo, mimi nina ugomvi nayo. Ilianza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ikapangwa shilingi 13,000, na kwa pesa hiyo mtu anategemea kukaa. Kumbe lile dude linafika hadi kilomita 160 kwa saa. Hujamaliza kukizoea kiti, unaambiwa ushuke. Basi likichukua hela yako linakaa na wewe: foleni ya Kibaha unaisoma nguzo kwa nguzo, Chalinze unaletewa korosho na mayai ya kuchemsha dirishani, na ukifika stendi ya Msamvu umeshiba na ugomvi wote wa ukoo wa jirani yako wa kiti unaujua. Ndani ya hii treni ya SGR dirisha halifunguki, na huyo wa mayai hata ungempigia mluzi angeusikia wakati wewe uko Soga. Wakawa wanatangaza stesheni: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Mama Watoto anapiga picha vichaka. Mimi nalinda begi. Hayo majina mawili ya mwisho yalinipita sikioni bila salamu.

Wenyeji wa Morogoro wanauita mji wao "mji kasoro bahari", tena kwa majivuno. Yaani mimi nimetoka kwenye bahari, nimelipa nauli, nimefika mahali ambapo sifa yake kuu ni kwamba haina. Lakini sitausema vibaya sana mji uliompa Salum Abdallah jukwaa la Cuban Marimba, kisha ukampa Mbaraka Mwinshehe gitaa la Morogoro Jazz. Wazee wa kijiwe chetu watanisusia kahawa.

Gesti tuliyofikia ilikuwa na kibao kilichosema vyumba vina maji moto. Ni kweli, yalikuwa moto, lakini yalikuja kwenye ndoo, yameletwa na binti mmoja mpole aliyesema bomba lina shida kidogo tangu jana. Nikamtazama Mama Watoto. Mama Watoto akatazama dirisha. Nje, milima yote ile imefunikwa na mawingu, inadondosha maji usiku na mchana, na sisi tuko chini yake tunapimiana kata, hii yako, hii yangu. Nyumbani kwetu angalau shida hiyo naipata bure.

Asubuhi tukaanza. Niseme ukweli, milima ya Uluguru inapendeza sana ukiitazama kutoka mjini, na mimi nilikuwa tayari kabisa kuishia hapo. Kilele cha Bondwa na minara yake ya mawasiliano kinaonekana vizuri hata ukiwa umekaa na supu yako. Kinapita meta 2,000, na msitu wa huko juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, habari ambazo mtu anaweza kuzifurahia bila kusimama. Lakini bodaboda zilikuwa zimeshaitwa. Zikatupandisha hadi mahali ambapo njia ilikataa, tukakabidhiwa kwa kijana wa kutuongoza hadi maporomoko ya Choma.

Nikamuuliza ni umbali gani. Akafikiri, kwa heshima kabisa, akasema yeye alipokuwa mdogo alikuwa anatumwa chumvi dukani huku chini, anakwenda na kurudi chai haijapoa. Nikapata moyo. Baadaye sana, nikiwa nimekumbatia mgomba, nikajiuliza hiyo chai walikuwa wanaichemshia kwenye nini.

Njia ya Uluguru haina mzaha. Haizunguki, haibembelezi, inapanda. Ardhi yake nyekundu inateleza hata bila mvua, na kule pembeni, kwenye mteremko ambao mimi nisingeweza hata kusimama, mtu kapanda maharage, kapanda migomba, kalima na matuta ya mboga yaliyonyooka. Kijana akatueleza kwamba zamani mkoloni alitaka kuwalazimisha wazee wao wachimbe matuta ya ngazi milima mizima. Mwaka 1955 Waluguru wakachachamaa hadi ule mpango ukafa. Nikawaelewa haraka sana. Wao walilazimishwa na serikali ya Mwingereza wakagoma. Mimi nimelazimishwa na mtu mmoja mwenye raba za waridi, na fulana ya sare nimevaa.

Mbele kidogo tukasikia watu nyuma yetu wakicheka. Walikuwa kina mama wanatoka sokoni mjini, wamekwenda alfajiri na ndizi kichwani, sasa wanarudi. Kandambili miguuni. Mmoja wao, umri wake ni wa mama yangu mdogo, alikuwa na dumu la mafuta ya taa mkononi, beseni kichwani, ndani ya beseni sukari, sabuni na jogoo mzima aliyekuwa ananitazama. Alipofika usawa wangu akapunguza mwendo, na hilo ndilo lililoniuma. Angenipita tu ningesema ana haraka zake. Akapunguza, akanitazama, akasema, "Pole, baba. Jitahidi hivyo hivyo." Kisha akaendelea na simulizi yake alipoiachia, wala beseni halikutikisika.

Mama Watoto akamuuliza kijana kama mashamba yale ni ya waume zao. Kijana akasema la hasha, kwa Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, na ardhi inafuata huko huko, mume anakuja kulima kwa wakwe. "Kumbe," akasema Mama Watoto. Alilisema kwa kulivuta. Kuanzia hapo akapanda mlima kwa nguvu mpya, na mimi nikabeba mabegi yote mawili. Ndani yake mlikuwa na maji ya chupa tuliyonunua mjini. Tunapandisha maji ya dukani mlimani ili tukayaone maji.

Tukafika. Nitayasifu, maana hata mnung'unikaji ana dini yake. Unayasikia kwanza, halafu hewa inabadilika, jasho linakupoa mgongoni, halafu mti wa mwisho unapisha na yanakuwa pale, meupe, yanateremka kwenye jiwe jeusi bila kuulizwa na mtu. Yanapotua pana kidimbwi, na maji yake ni safi hadi kokoto unazihesabu. Nikaingiza miguu. Nikatoa sauti ambayo watu waliooa hawatakiwi kuitoa mbele ya kijana wa watu. Yalikuwa ya baridi kali.

Mama Watoto hakuingia. Alisimama akiyapigia hesabu. Nikajua, maana midomo ilikuwa inacheza. "Hapa pipa letu lingejaa kwa dakika ngapi?" akauliza. Pipa letu la uani linajaa usiku wa manane, siku ambazo linajaa. Kisha, mazoea yakamshinda, akazichukua soksi zangu zilizojaa tope, akatoa kipande cha sabuni kwenye pochi. Mwanamke anapanda mlima na sabuni kwenye pochi!

Kijana akaruka. "Mama, samahani sana, sabuni hapana. Haya ndiyo maji yenu ya kunywa Dar."

Ndipo akatuchorea kwa kijiti kwenye mchanga. Maji haya yanateremka yanaingia Mto Morogoro, huo unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayovutwa kwenye mitambo ya kule Pwani kwenda jijini. Yaani zile stesheni mbili nilizozisikiliza nusu nusu ndiyo njia yenyewe. Tulikuwa tumeyapita maji yetu yakishuka, sisi tukiwa tunapanda kuyatafuta, kwa shilingi 13,000 kila mmoja.

Mama Watoto akairudisha sabuni taratibu, asije akazinywa soksi zangu wiki ijayo. Halafu akayageukia maporomoko na kuyatazama kama mtu aliyemfuma mdeni wake harusini anacheza. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, huyu mwanamke alikuwa anaamka usiku kukinga matone, anakosana na wapangaji, anampigia magoti kijana wa mkokoteni amwachie dumu mbili zaidi. Kumbe mhusika yuko huku kwenye kivuli, anajimwaga.

"Na masika yakizidi je?" akamhoji kijana, sauti ya polisi.

"Masika yanapita mengi mno, mama. Yanakwenda zake baharini, upande wa Bagamoyo."

"Kwetu hayasimami?"

Kijana wa watu akawa hana la kusema. Mimi ndiye nikamwambia kuna Bwawa la Kidunda, lipo midomoni mwa watu tangu miaka ya 1960 na mkataba wa kulijenga ukasainiwa 2022, kazi yake ni hiyo ya kuyasimamisha. Nilitegemea kusifiwa kwa kujua mambo. Akaniambia kama nilikuwa nayajua yote haya, ile miaka ya ndoo nilikuwa nangoja nini kumwambia. Picha ikapigwa hapo hapo. Yeye kashika kiuno, mimi nyuma yake natabasamu. Nikamkumbuka yule mume wa Marangu, nikamsamehe uso wake wote.

Kushuka sitakusimulia. Raba ile ya kanisani ilinifundisha kwa nini upande mmoja ulikuwa umelika, na magoti yangu hadi leo yanapanda mwendokasi kwa kushikiliwa.

Kwenye treni ya kurudi nikasinzia nikiamini deni la ndoa nimelilipa kwa mwaka huu. Tulipofika karibu na Ruvu akanigusa bega. Nilidhani anataka tuupungie mto mkono. Akanipa simu. Maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa, ukishafika Mang'ula. Yanaanguka zaidi ya meta 170.

Nikajitetea kwa jiografia, maana sasa ninayo. Nikamwambia yale si maji yetu. Yale yanateremkia bonde la Kilombero, yanaingia Rufiji, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, hayana habari na Magomeni.

"Kwa hiyo ndiyo umeme wetu," akasema.

Nikamwambia umeme hauna cha kwenda kuangalia, mita naiona kila siku ukutani.

"Mita unaiona ikiisha tu. Mimi nataka nione unakoanzia," akasema, akaanza kunihesabia nauli ya basi kutoka Msamvu.